Kutoka Mpapura hadi Unguja: kuunganisha gari, ndege na boti ukiwa na mama mzee na mtoto

Mdogo wangu wa kike alipangiwa kujifungua kwa upasuaji siku ya Alhamisi asubuhi, Unguja. Hiyo ilikuwa mimba yake ya pili. Ya kwanza ilitoka. Kwa hiyo Mama aliposema, "Alhamisi ikinikuta bado niko Mpapura, mimi na nyie basi," sikuona kama anatishia. Nilichukua daftari la mahesabu la mwanangu, nikageuza ukurasa wa nyuma, nikaanza kuandika saa.

Kwa asiyepajua, Mpapura ni kwetu, Mtwara Vijijini, kando ya barabara kuu itokayo Mtwara mjini kupitia Mikindani kwenda Mingoyo. Ukisimama barabarani utaona magari yote ya Masasi, Nachingwea na Lindi yakipita. Tatizo letu si kukosa barabara. Tatizo ni kwamba gari linalopita halijui kwamba una ndege saa tatu asubuhi.

Safari yenyewe kwenye karatasi ilionekana hivi: gari kutoka nyumbani hadi uwanja wa ndege wa Mtwara, ndege hadi Dar es Salaam, teksi kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi bandarini, kisha boti hadi Malindi, Unguja. Watu watatu: Mama, mimi, na kijana wangu wa darasa la tano ambaye shule ilikuwa imefungwa kwa likizo ya mwezi wa sita. Vyombo vinne, siku moja.

Najua kuna atakayeuliza, kwa nini msipande basi tu? Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara, lami tupu, na mabasi yako kila siku. Ni kweli. Lakini Mama ana magoti mabovu, na pia hajasahau Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zile na barabara ikakatika maeneo ya Somanga, Kilwa. Jirani yetu alikuwa mmoja wa waliokwama huko siku kadhaa, na habari zake zimesimuliwa kijijini kwetu mpaka zimekuwa kama hadithi ya sungura na fisi. Mama alisema atapanda ndege hata kama ni ya kusimama.

Na kwa nini msiruke moja kwa moja hadi Unguja mkishafika Dar? Hapo jibu ni pesa. Tiketi tatu za boti zilikuwa nafuu kuliko tiketi tatu za ndege ya pili, na kwa familia yetu tofauti hiyo ilikuwa ni kitanda cha mtoto.

Nilikata tiketi za ndege wiki tatu kabla, kupitia simu, nikalipa kwa simu. Hilo lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. Ukitaka kujua ugumu uko wapi, angalia vipande vifupi. Safari ndefu unauziwa pamoja na karatasi: ina saa, ina jina lako, ina mtu wa kumuuliza. Kutoka mlangoni kwako hadi uwanjani, na kutoka uwanjani hadi bandarini, huko unanunua neno la mtu.

Binamu yangu alifanya kazi miaka kadhaa jikoni kwenye meli za watalii huko Ulaya. Nilipomweleza mpango wangu alicheka, akasema hata Wazungu wanasumbuka na jambo hilihili. Meli inayotangazwa kwamba inafika Roma haifiki Roma. Inatia nanga Civitavecchia, mji mwingine kabisa, na kutoka hapo hadi Roma ni zaidi ya kilomita 70 kwa treni au basi. Uwanja mkubwa wa ndege nao uko Fiumicino, upande wa tatu. Anasema abiria wanaoshuka na familia swali lao la kwanza ni saa ya treni ya kurudi, maana aliyejipangia matembezi yake mwenyewe akichelewa, meli inamwacha. "Nimewaona kwa macho yangu," aliniambia, "baba, mama na watoto wawili wamesimama gatini, meli ndiyo hiyo inageuka." Ushauri wake ulikuwa mmoja: kati ya chombo na chombo weka saa nyingi kuliko unavyoona zinatosha, halafu ongeza moja.

Basi nikaongeza. Ndege yetu ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatano. Ingetua Dar saa nne na kidogo. Kulikuwa na boti ya saa sita na nusu mchana, na nyingine ya saa kumi. Shemeji alitaka kutukatia kabisa tiketi za ile ya saa sita na nusu. Nikamwambia, "Subiri shemeji, mpaka niguse ardhi ya Dar ndipo ukate." Alinuna kidogo, maana mwezi wa sita watu wanaenda likizo na boti zinajaa. Lakini nilishikilia hapo.

Kuhusu gari la asubuhi, niliuliza watu watatu. Wa kwanza hakuwa na gari, alikuwa na rafiki mwenye gari. Wa pili alitaka shilingi 100,000. Wa tatu, mwenye Noah, tulielewana 70,000 atufuate nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kutushusha uwanjani. Nikampa 30,000 ya kishika uchumba. Alinitajia hata jina la mwanawe anayesoma shuleni kwetu. Nilimwamini kwa hilo zaidi kuliko kwa gari lake.

Siku ya Jumanne tulipima mizigo. Tiketi zetu ziliruhusu kilo 23 kila mtu, na nyumbani hatuna mzani. Mtunza ghala wa chama cha msingi, Mungu ampe maisha marefu, alitufungulia tukapima mabegi kwenye mzani wa korosho. Kiroba cha Mama kilikuwa na kilo 31. Ndani yake: korosho, unga wa muhogo, ming'oko, chupa mbili za mafuta ya nazi aliyokamua mwenyewe kwa ajili ya kumkanda mzazi, na kanga. Tulikaa chini pale ghalani kugawa. Mama alikubali kupunguza unga. Ming'oko alikataa. "Huko Unguja atapata halua na urojo," alisema, "ming'oko atapata wapi?" Sikuwa na jibu.

Mzazi mwenzangu, nieleze pia habari ya vitambulisho, maana hapo wengi wanakwama. Mama alikuwa na kitambulisho cha taifa. Mimi pia. Mtoto ana cheti cha kuzaliwa, nikakichukua chenyewe, si picha kwenye simu. Ndege wanaangalia na boti za Unguja wanaangalia. Kosa langu ni kwamba nilikiweka salama mno, chini kabisa ya begi kubwa. Tutafika hapo.

Jumatano saa kumi na moja na nusu tulikuwa tumekaa barazani, mabegi yamepangwa, Mama amevaa viatu vyake vya Idd. Saa kumi na mbili kasoro robo nikapiga simu kwa dereva. Haipatikani. Nikapiga tena. Saa kumi na mbili kamili, haipatikani. Kijana wangu akauliza, "Mama, anko amelala?" Nikamwambia anyamaze, jambo ambalo hakustahili.

Nataka niseme ukweli kuhusu dakika zile. Sikuwaza ndege. Niliwaza jinsi nitakavyomtazama mama yangu usoni kama Alhamisi itafika tukiwa tumekaa kwenye baraza ileile. Yeye hakusema neno. Alikuwa ameshika tasbihi yake, anatazama barabara.

Nilimpigia yule mwenye bei ya laki. Alikuwa yuko njiani kwenda Masasi. Saa kumi na mbili na dakika ishirini Kosta ya kwenda Mtwara ikatokea, na kijana wangu ndiye aliyekimbilia barabarani kupunga mkono, mimi hata sikuwa nimeamua. Ikasimama.

Kosta si chombo cha kumpeleka mtu kwenye ndege. Inasimama kila penye mtu, na pasipo na mtu inasimama kuangalia kama atatokea. Konda alikuwa kijana mdogo. Alipoona tunapakia mabegi yenye kufuli akauliza, "Mwalimu, safari ya wapi?" Nikamweleza yote kwa pumzi moja: ndege, saa tatu, mgonjwa, Noah. Akanitazama, akamtazama Mama, akasema, "Shikamoo bibi. Kaa hapa mbele." Kisha akamwinua mtu aliyekuwa amelala kwenye kiti cha karibu na dereva.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachowaambia watu wote wanaoniuliza. Alitoa simu, akampigia kijana wa bajaji mjini, akamwambia, "Njoo stendi, simama mlangoni, una abiria watatu wa uwanjani, na mwambie mwenzio aje wa mizigo." Akanipa namba nizungumze naye mwenyewe. Bajaji ile ilikuwa inatungojea kabla sisi hatujafika Mikindani.

Mikindani tulisimama muda mrefu. Kuna mama alipanda na ndoo mbili za samaki. Jua lilikuwa limeshachomoza juu ya ghuba, maji yamekupwa, ngalawa zimelalia ubavu. Kijana wangu akaanza maswali yake. Nikamwonyesha Boma la Wajerumani pale juu, lile lililojengwa mwaka 1895, nikamweleza kwamba David Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Akauliza, "Naye alisubiri gari?" Watu wa nyuma wakacheka, na mimi kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikacheka.

Mama naye akachangamka. Akasema zamani hakukuwa na haja ya kuunganisha vyombo vinne. Unapanda meli bandarini Mtwara, unalala, unaamka Dar es Salaam. Ni kweli, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, watu wengi wa kusini walikuwa wakisafiri kwa meli, kwa sababu masika barabara ilikuwa tope na Rufiji yenyewe inavukwa kwa kivuko. Sasa bandari ya Mtwara ni ya mizigo. Ukifika msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi, malori yanajipanga, na mwenye kusafiri miezi hiyo aweke akiba ya muda kwa ajili yao. Abiria wa kwenda Dar kwa meli hawapo.

Bandari hiyo nayo ina kisa cha kuunganisha usafiri. Waingereza waliijenga kwa ajili ya Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947: karanga zilimwe Nachingwea, reli izilete pwani, meli izibebe. Bandari ya kina kirefu ikajengwa, reli ikalazwa, vyote viungane kama shanga kwenye uzi. Karanga tu ndizo zilizokataa. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Baba yangu alikuwa akisema kusini tulipewa mlango na ngazi, nyumba haikuja.

Tuliingia stendi Mtwara saa mbili kasoro dakika ishirini. Nauli ya watu watatu haikufika hata robo ya bei ya Noah. Nilipotaka kumwongezea konda kitu alikataa, akasema, "Mniombee tu na mimi nipande siku moja." Bajaji mbili zilikuwepo. Mama katika ya kwanza na mimi, mtoto katika ya pili juu ya kiroba, akiwa amekikumbatia kama amepewa ulinzi wa benki.

Uwanja wa ndege uko kilomita chache tu kusini mwa mji. Saa mbili kamili tulikuwa mlangoni. Zile dakika ambazo binamu yangu aliniambia niongeze ndizo zilizoliwa na Noah.

Kwenye ukaguzi wakakuta kisu. Ndani ya mkoba wa mkononi wa Mama, kimefungwa kwenye leso, kisu kidogo cha kumenyea ming'oko. Mkaguzi, dada mmoja mwenye adabu sana, alimwambia, "Bibi, hiki hakiingii kwenye ndege." Mama akamjibu, "Mwanangu, nimekuwa nacho tangu hujazaliwa." Wasafiri wote wakawa wanatusikiliza. Mwisho nilitoka nacho nje, nikampa yule kijana wa bajaji, nikamwomba akakiache stendi kwa konda akirudishe Mpapura. Kama una mzee nyumbani, usimuulize kama mkobani kuna kitu chenye ncha kali. Fungua mwenyewe uangalie, kwa heshima, mapema.

Halafu, baada ya presha yote ile, tukatangaziwa kwamba ndege imechelewa. Saa mbili nzima.

Sitaki kulalamika sana hapa, ndege huchelewa duniani kote. Lakini nilikaa kwenye kile kiti nikihesabu: kuondoka saa tano na kitu, kutua saa sita na robo, kupokea mizigo, boti ya saa sita na nusu imekwisha. Nikampigia shemeji. Nilitegemea aseme nilikwambia. Akasema, "Bora sikukata." Akaongeza kwamba atajaribu kutushikia nafasi ya boti ya saa kumi. Ile ndiyo ilikuwa nafasi yetu ya mwisho kwa siku ile. Tukiikosa, tulale Dar, na mdogo wangu aingie chumba cha upasuaji bila kumwona mama yake.

Ndani ya ndege, Mama alikaa dirishani. Karibu saa nzima hewani. Alipoona delta ya Rufiji, mito imetawanyika kama mizizi, alimshika mjukuu wake mkono, akasema, "Huo ndio mto uliotulaza njaa." Nilitamani nimuulize zaidi, ila usingizi ulinichukua.

Dar es Salaam. Hapa niseme jambo moja la msingi: uwanja wa Julius Nyerere una zaidi ya jengo moja la abiria, na la tatu, lile kubwa lililoanza kazi mwaka 2019, haliko mlango mmoja na la pili. Ukiwa na mtu anayekuja kukupokea, au umeagiza gari kwa simu, mweleze umeshukia jengo lipi. Nimeona watu wakizungumza kwa simu, "Niko hapa nje," na mwingine naye "Niko hapa nje," kila mmoja kwake.

Mizigo ilitoka karibu saa saba. Madereva wakatuzunguka. Wa kwanza alitaja 50,000 hadi bandarini. Nilikuwa nimeshaangalia bei kwenye programu ya Bolt, kwa hiyo sikuogopa kusema 25,000. Tulimaliza 30,000 na mzee mmoja mwenye gari la zamani lakini buti kubwa. Ningeweza kuita la kwenye simu kwa bei ndogo kidogo, lakini mengi ni magari madogo, na nilikuwa na kiroba, mabegi matatu na mwanamke mwenye magoti. Wakati mwingine elfu tano ya ziada unanunua buti.

Kutoka uwanjani hadi bandarini ni kama kilomita 12, na foleni ya barabara ya Nyerere haijali hesabu hiyo. Mzee yule aliniuliza, "Boti ya saa ngapi, mama?" Nikamwambia. Akaangalia saa, akasema, "Tuna muda, ila hatuna muda wa kuchezea." Tulipita TAZARA juu ya daraja la Mfugale, huko chini magari yamesongamana, kisha tukaanza kutambaa. Kijana wangu alilala. Mama alikuwa anasoma mabango yote kwa sauti, moja baada ya jingine, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Saa nane na nusu tukashuka barabara ya Sokoine, upande wa pili wa kanisa la Mtakatifu Yosefu, na hapo ndipo mzazi anapaswa kufumbua macho. Gari lilikuwa halijasimama vizuri, vijana wanne wameshika milango. Mmoja anataka kubeba begi, mwingine anasema tiketi zimekwisha lakini yeye anazo, wa tatu anakwambia ofisi imehamia kule. Mzee dereva alishuka, akasimama mbele ya buti, akasema kwa sauti ya upole, "Mama huyu anajua anakokwenda." Sikuwa najua. Lakini nilitembea kama ninayejua, moja kwa moja hadi dirisha la ofisi yenyewe ya boti, mtoto nimemshika mkono, Mama amebaki na dereva na mizigo. Kama uko peke yako na watoto, lipa mchukuzi mmoja mwenye sare, taja bei kabla hajagusa kitu, na wengine wote uwaambie asante.

Shemeji alikuwa ametushikia nafasi. Wakataka vitambulisho. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiko wapi? Chini kabisa ya begi kubwa. Pale pale kwenye sakafu, mbele ya watu, nilifungua begi nikatoa nguo zangu za ndani, nguo za mtoto mchanga zilizoshonwa na Mama, taulo, korosho, mpaka nikakifikia. Dada wa dirishani aligeuza uso asinitazame. Siku hizi vyeti vyote vinakaa kwenye pochi ninayoivaa shingoni.

Tulikula chapati na chai kwenye benchi la kusubiria. Mwezi wa sita upepo wa kusi unavuma, na bahari ya mkondo ule haina masihara. Abiria mmoja, mama wa Kipemba mwenye watoto watatu, alitufundisha: kaeni chini, nyuma, karibu na katikati, msikae mbele juu hata kama kuna mandhari. Mpeni mtoto kipande cha tangawizi, na asitazame simu. Tulimtii. Watu wa mbele walianza kutapika nusu saa baada ya kuondoka. Kijana wangu alitafuna tangawizi yake, uso umekuwa wa kijani, lakini hakutapika. Mama, ambaye nilimhofia kuliko wote, alilala kama yuko kwake. Baadaye alisema mawimbi yalimkumbusha meli ya Mtwara.

Tulifika Malindi karibu na magharibi. Shemeji alikuwa getini, amevaa kofia yake, ametoka kazini moja kwa moja. Alimpa Mama shikamoo, akachukua kiroba, akashtuka kwa uzito. "Mmeleta nini humu?" Mama akamjibu, "Kwetu."

Mdogo wangu alikuwa ameshalazwa hospitali ya Mnazi Mmoja tangu mchana. Tulipelekwa kumwona dakika chache. Sitaeleza walivyotazamana, yale ni yao. Nitasema tu kwamba Mama alikaa pembeni ya kitanda bila kuvua viatu vyake vya Idd, akauliza kama amekula, na mdogo wangu akaanza kulia na kucheka pamoja.

Alhamisi saa nne asubuhi wakatuletea mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili, ana nywele nyingi. Yule dereva wa Noah alinipigia simu siku hiyohiyo jioni. Simu yake iliisha chaji, alisema, na gari lilikuwa na tatizo. Alirudisha 20,000 kwa M-Pesa na kuahidi 10,000 mwisho wa mwezi. Bado ninaisubiri, ingawa mwanawe ninamfundisha kama wengine.

Mama alibaki Unguja mpaka arobaini ilipokwisha. Kurudi alikuja peke yake, na mipango yote niliifanya nikiwa Mpapura: shemeji ampandishe boti ya asubuhi ya siku moja kabla, alale kwa mpwa wangu Temeke, ndege iwe kesho yake. Kwa upande wa Mtwara sikutafuta Noah. Nilimpigia yule kijana wa bajaji. Siku ya kufika alikuwa uwanjani saa nzima kabla ya ndege kutua, amebeba kile kisu cha ming'oko, bado kimefungwa kwenye leso. Hakuwahi kumpa konda. Aliona, alisema, bibi atapenda akipokee mwenyewe.